Ofuseti ya volti kwenye saketi za vichujio

Ofuseti ni volti ya DC inayoonekana kwenye tokeo la kichujio wakati hakuna ishara yoyote iliyoingia. Unganisha ingizo na graundi kwa waya mfupi, washa saketi, iache dakika chache ipate joto, kisha pima tokeo kwa multimita iliyowekwa kwenye milivolti za DC. Namba unayoisoma badala ya sifuri ndiyo hiyo. Kwenye saketi ya betri ya volti 12 iliyogawiwa nusu kwa rezista mbili, zile volti 6 zimewekwa makusudi. Hapo ofuseti hupimwa kuanzia 6, si kuanzia hasi ya betri.

Chanzo kwa kawaida huwa kimoja kati ya viwili, vyote ndani ya opampu, yaani aisii inayokuza ishara. Kwanza, transista mbili za mlangoni hazilingani sawasawa, hivyo aisii hufanya kazi kama vile imepewa milivolti chache. Opampu ya 4558, iliyozagaa kwenye bodi za toni za amplifaya za bei nafuu, inaruhusiwa na kiwanda kufika milivolti 6, LM358 ifike 7, TL072 ya kawaida 10, ilhali OP07C haivuki milivolti 0.15. Pili, miguu ya kuingilia hunyonya au hutoa mkondo mdogo, na mkondo huo ukipita kwenye rezista za kichujio hugeuka kuwa volti. Kosa la kwanza huzidishwa na ukuzaji. La pili hukua kadiri rezista zinavyokuwa kubwa.

Kuzitenganisha ni rahisi. Ingizo likiwa bado kwenye graundi, ruka rezista za kichujio kwa kipande cha waya. Namba ikibadilika sana, tatizo ni mkondo. Ikibaki palepale, ni aisii yenyewe. Namba ikiyumba ukisogeza mkono karibu, huenda opampu inatetema: weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya umeme, karibu kabisa na aisii, kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kabla ya kuchagua dawa, jiulize swali moja ambalo mafundi wengi hulipita haraka: je, DC ni sehemu ya ishara yako? Jibu linageuza kila kitu, na hapa Mwanza kazi mbili za kawaida zinalijibu tofauti.

Chukua krosova, yaani saketi inayogawa besi na sauti za juu, ya spika za harusi au mkutano wa injili. Sauti haina DC, kwa hiyo unaweza kuizuia bila huruma. Hatua ya kukuza yenye rezista ya kiloomu 100 na ya kiloomu 1 inakuza mara 101. Milivolti 6 za 4558 zinatoka zikiwa volti 0.6. Volti hiyo ikifika kwenye kitasa cha sauti, kila ukikizungusha kinakwaruza, na watu hukimbilia kubadilisha kitasa bure. Weka kapasita ya maikrofaradi 47 mfululizo na ile rezista ya kiloomu 1 kwenda graundi. Ukuzaji wa DC unashuka hadi 1, milivolti 6 zinabaki 6, na besi inaanza kupungua chini ya hezi 3.4 tu, ambako hakuna spika inayocheza.

Kichujio chenyewe cha besi, cha hezi 100, hutumia rezista mbili za kiloomu 16 na kapasita mbili za nanofaradi 100. Mkondo wa 4558, kwa kawaida nanoampea 150, ukipita kiloomu 32 unaleta milivolti 4.8. Uwiano wa rezista za mrejesho, zile zinazorudisha tokeo kwenye mguu mwingine wa kuingilia, ndio unaoamua ukuzaji, lakini thamani zake ni hiari yako: chagua kiloomu 51 na 91, ambazo kwa sambamba ni karibu kiloomu 33. Miguu yote miwili sasa inaona ukinzani unaokaribiana, na makosa yanafutana kwa sehemu kubwa. Kwa TL072 usijisumbue, mkondo wake ni mdogo mno. Utaongeza kelele tu. Mpangilio nao una maana: kichujio cha sauti za juu kikiwa mwisho wa mnyororo, kapasita zake huzuia ofuseti ya hatua zote zilizotangulia. Kikiwa mwanzo, hakisaidii yanayozaliwa mbele yake.

Kazi ya pili ni kipimo cha kina cha maji kwenye mwalo. Sensa ya mita 5 inayotoa miliampea 4 hadi 20, ikipita rezista ya omu 250, inatoa volti 1 hadi 5, yaani milivolti 8 kwa kila sentimita. Hapa DC ndiyo habari yenyewe. Ukiweka kapasita ya kuizuia umetupa kipimo. Ili kutuliza mawimbi, watu huweka rezista ya megaomu 1 na kapasita, kisha LM358. Mguu wa LM358 hutoa mkondo, mara nyingi nanoampea 45. Kwenye megaomu 1 hiyo ni milivolti 45, na ziwa linaonekana limepanda karibu sentimita 6. Tumia TLC272, ambayo mkondo wake hauhesabiki na inafanya kazi vizuri kwa volti 12. TL072 haifai hapa, kwa sababu ingizo lake linachanganyikiwa likikaribia hasi ya betri. Milivolti zinazobaki zitoe kwenye programu ya kifaa kinachosoma kipimo, baada ya kulinganisha na fimbo yenye alama. Kapasita iwe ya plastiki, maikrofaradi 1. Ya elektroliti huvujisha na kuvuta kipimo chini. Utulivu zaidi upate kwa kuchukua wastani kwenye programu.

Adui mwingine pale ufukweni ni unyevu. Flaksi, yaani dawa ya kulehemu, iliyobaki kwenye bodi hufyonza maji usiku, na uvujaji wa megaomu 100 tu kutoka njia ya volti 12 hadi kwenye ile rezista ya megaomu 1 unaongeza karibu milivolti 90 sensa ikiwa katikati, kwenye volti 3, sawa na sentimita 11. Dalili yake ni kipimo kinachopanda alfajiri na kushuka jua likiwaka. Sugua bodi kwa alkoholi ya aisopropili na mswaki, ikauke kabisa, ndipo upake vanishi. Bodi iliyopakwa vanishi juu ya uchafu haiponi kwa kuoshwa. Vanishi hiyo itolewe kwanza.