Mguu unawaka moto, ila shida iko kiunoni

Kaja dereva mmoja wa bajaji, anatembea upande upande, mkononi bahasha ya eksirei na majibu ya figo kapima mara mbili, figo nzima kabisa. Huku kwetu ukiumwa kiuno tu basi ni figo.

Nikamwambia nionyeshe kwa kidole maumivu yanapita wapi. Akaanzia kalioni, akashuka pembeni ya paja, akavuka goti mpaka kidole gumba cha mguu. Akasema dokta (mimi mtu wa fizio, tiba ya viungo kwa mazoezi, ila wakishakuita dokta ndo basi tena) nikipiga chafya ni kama nimepigwa shoti. Nikamlaza chali, nikaunyanyua mguu umenyooka, haujafika hata nyuzi 40 akanidaka mkono.

Hiyo ndo siatika. Neva (mshipa wa fahamu) yenyewe nene kama kidole, mizizi yake inatokea kwenye pingili za kiuno, katikati ya pingili kuna diski, ganda la diski likichanika ute wa ndani unatoka unaugusa mzizi na kuuchokoza, wewe unasikia mguuni. Eksirei inaonyesha mifupa, diski na neva hazionekani, kwa hiyo hiyo bahasha haikutusaidia kitu. Habari njema ni kwamba mwili wenyewe huwa unaufyonza ule ute polepole, wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu.

Sasa watu wanalala wiki nzima, au wanaita mtoto awakanyage mgongo, jamani acheni. Tembea kidogo kidogo, yeye nilimwambia ashuke kwenye bajaji kila nusu saa, na ile waleti ya mfuko wa nyuma aitoe. Diklofenaki inasaidia kiasi ila mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo asijinunulie. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, naona kila mtu anaandikiwa, utafiti wa Australia wa 2017 uliilinganisha na vidonge feki visivyo na dawa ndani na haikuvishinda, kizunguzungu ndo kilizidi. Na sindano za makalio za duka la dawa, neva yenyewe inapita hapo hapo, sindano ichomwe juu ya kalio kwa nje la sivyo unatoka na ugonjwa mwingine.

Ila mkojo ukigoma kutoka au ukijitokea wenyewe, ganzi ikikamata sehemu za siri na pale unapokalia, au miguu yote miwili ikiishiwa nguvu, nenda hospitali leo leo, hata kama ni saa nane usiku. Kandambili ikianza kuchomoka yenyewe mguuni bila wewe kujua, nayo usiichukulie poa. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, hapo tunawaza TB ya mgongo.

Jana karudi kanuna, eti mguu umeachia lakini kiuno ndo kinauma zaidi. Nikacheka, maana maumivu yakipanda kutoka kidoleni kurudi kiunoni ndo neva inaachiwa hivyo.