Mwanamfalme Madog alifika Marekani? Tuanze na tarehe

Wapo wanaosema kwamba Madog, mwanamfalme wa Welisi (Wales), alivuka Atlantiki mwaka 1170 na kufika Marekani kabla ya Columbus. Chukua ushahidi wao mmoja, neno pengwini. Kwa Kiwelisi, lugha ya Welisi, pen ni kichwa na gwyn ni -eupe. Mwaka 1583 Mwingereza aitwaye George Peckham aliandika kwamba neno hilo linapatikana ng'ambo ya Atlantiki kama jina la ndege, basi ni dalili kwamba Wawelisi walishafika huko zamani na kuacha lugha yao. Inavutia, mpaka umtazame ndege mwenyewe. Yule ndege mkubwa asiyeruka wa bahari za Newfoundland, kisiwa cha Kanada ya leo, ambaye ndiye aliyeitwa hivyo mwanzo, alikuwa na kichwa cheusi chenye baka moja jeupe mbele ya jicho. Na hata tukikubali kwamba neno ni la Kiwelisi, kama baadhi ya wanaisimu wanavyokubali, mabaharia wa Welisi walikuwa wamejaa tele katika meli za karne ya 16. Neno lingeweza kuvuka bahari na yeyote kati yao, bila kumsubiri mwanamfalme wa mwaka 1170.

Kisa cha Madog huyo ndicho kinachotuletea maswali mengi siku hizi. Sisi tunaokaa na nyaraka huulizwa habari zake na watu waliokutana na video fupi usiku, asubuhi wakaja na daftari. Nawapenda watu hawa. Katika michezo tunao mabondia wa ridhaa, wasiolipwa ila wanapigana. Hawa nao ni watafiti wa ridhaa, na kama utakavyoona, waliokifanyia kisa cha Madog kazi ya maana zaidi walikuwa wa ridhaa vilevile.

Kisa chenyewe kinakwenda hivi. Owain, mfalme wa Gwynedd kaskazini mwa Welisi, alifariki mwaka 1170. Wanawe wakagombea ufalme, na mwaka huohuo Hywel akauawa vitani dhidi ya ndugu zake wa baba, Dafydd na Rhodri. Mpaka hapo ni historia isiyo na mgogoro. Kisa kinaendelea kwamba ndugu yao mwingine, Madog, alichoshwa na damu ya ndugu kwa ndugu, akatweka tanga kuelekea magharibi, akakuta nchi njema isiyojulikana, akarudi nyumbani kuchukua watu, akaondoka nao, asionekane tena. Wengine husema alishukia ghuba ya Mobile, katika jimbo la Alabama la leo. Mwaka 1953 akina mama wa chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani walisimamisha huko bamba la kumbukumbu lililotamka bila kigugumizi kwamba Madog alifika pale mwaka 1170. Baadaye liliondolewa.

Mtu akija kwangu na kisa cha aina hii simbishii. Nampa karatasi nimwambie aandike kila ushahidi alionao, na pembeni mwaka ushahidi huo ulipoandikwa. Nasisitiza: mwaka ulipoandikwa. Mwaka unaosimuliwa ndani yake tuuache kwanza. Ni kazi ya nusu saa, na watu wengi hunyamaza kabla haijaisha.

Tuifanye pamoja. Mwaka 1188, miaka 18 tu baada ya kifo cha Owain, kasisi Gerald alizunguka Welisi akifuatana na Askofu Mkuu Baldwin wa Canterbury. Gerald alikuwa mtu asiyepitwa na jambo. Anatuandikia juu ya ziwa la milimani lenye kisiwa kinachoelea, na jingine ambalo samaki wake wote hawana jicho la kushoto. Walifika Bangor, kaburi la Owain lilipo kanisani, na Baldwin akaagiza mwili utolewe humo kwa kuwa mfalme alikufa akiwa ametengwa na kanisa kwa kumwoa binamu yake. Yaani Gerald alisimama mbele ya kaburi la baba, katika mji wa ukoo huo, akiwa na kiu ya kila ajabu la nchi ile. Habari ya mtoto aliyepotelea baharini na msafara mzima wa watu haimo. Ukimya peke yake si hoja nzito, lakini mtu aliyeandika hadi macho ya samaki angeiachaje hiyo?

Karne ya 15, bado kabla ya Columbus, mshairi Maredudd ap Rhys alitunga shairi la kumshukuru mtu aliyemzawadia wavu wa kuvulia samaki. Humo anajifananisha na Madog, wa damu ya Owain Gwynedd, ambaye hakutaka ardhi wala mali ila bahari. Hapa lazima tuwe waadilifu: Madog mpenda bahari alikuwepo katika midomo ya Wawelisi mapema. Ila soma tena. Kuna bahari na kuna wavu. Nchi mpya haimo.

Kisha Columbus akavuka mwaka 1492. Mwaka 1559 Humphrey Llwyd, Mwelisi, aliandika historia ya nchi yake na humo safari ya Madog ikapata nchi ya kufikia. Mwaka 1580 John Dee, mshauri wa Malkia Elizabeth I, akamtaja Madog katika hoja za madai ya malkia juu ya nchi za ng'ambo. 1583 ni Peckham na ndege wake. 1584 David Powel akachapisha kitabu cha Llwyd na nyongeza zake, na Madog akaenea kila mahali.

Ukiitazama safu hiyo ya miaka, huhitaji shahada kujiuliza kwa nini kisa kilinona wakati ule. Mwaka 1493 Papa aliipa Hispania haki juu ya nchi mpya za magharibi. Uingereza ilizitaka pia, na Peckham mwenyewe alikuwa akitafuta watu wa kutia fedha katika makoloni. Ukoo wa Elizabeth, Tudor, asili yake ni Welisi. Kama mwanamfalme wa Welisi alitangulia miaka 322 kabla ya Columbus, basi malkia anadai mali ya babu zake tu. Ilikuwa hati ya shamba iliyoandikwa baada ya jirani kuanza kulima.

Sasa tuje kwa mtu aliyekwenda kuangalia kwa macho yake. Miaka ya 1790 Welisi ilipatwa na homa ya Madog. Ilivuma kwamba mbali huko kwenye Mto Missouri kuna kabila la Wahindi Wekundu wanaosema Kiwelisi. Mchochezi mmoja mkubwa alikuwa Edward Williams, mwashi wa mawe aliyejiita Iolo Morganwg, mshairi mwenye kipaji na mghushi mwenye kipaji kikubwa zaidi. Alipanga kwenda, kisha akabaki. Aliyekwenda ni John Evans, kijana wa miaka 22 kutoka kijiji cha Waunfawr, mtoto wa mhubiri.

Alifika Baltimore mwaka 1792. Mwaka uliofuata akaanza safari ya bara akiwa, kwa maelezo yake, na dola 1 na senti 75 mfukoni. Alipofika St. Louis, Wahispania waliokuwa wakitawala pale wakamtia ndani kwa kumshuku ujasusi wa Waingereza. Baadaye wakamwona ana faida, na mwaka 1795 akapanda Mto Missouri katika msafara wao ulioongozwa na James Mackay. Mnamo Septemba 1796 alifika kwa Wamandan, watu ambao tetesi ziliwataja zaidi, akakaa nao baridi yote. Aliwasikiliza. Hapakuwa na Kiwelisi. Aliporudi St. Louis Julai 1797 aliandika barua kwamba amechunguza na kuchora ramani ya maili 1,800 za mto ule, na kwamba watu waitwao Wahindi wa Kiwelisi hawapo. Miaka miwili baadaye alifia New Orleans, umri wake 29.

Ramani yake ilitumika. Rais Jefferson wa Marekani aliwapatia wavumbuzi Lewis na Clark, ambao mwaka 1804 waliufuata mto uleule. Jibu lake, kinyume chake, lilikataliwa. Walioamini walisema Wahispania wamemnunua. Hapo ndipo mtafiti wa ridhaa anapaswa kujichunga na nafsi yake: ukishafika mahali ambapo anayekubali ni shahidi na anayekataa amehongwa, umeshafunga mlango wa kujifunza lolote.

Mtafiti wa ridhaa wa pili ni Thomas Stephens, muuza dawa wa mji wa Merthyr Tydfil. Mwaka 1858, katika tamasha la mashairi na fasihi la Llangollen, ilitangazwa zawadi ya pauni 20 na nyota ya fedha kwa insha bora juu ya kugunduliwa kwa Marekani na Madog. Stephens akapeleka insha yake. Alikuwa amefanya ile kazi ya karatasi: kupanga kila ushahidi kwa umri wake na kuonyesha kwamba kabla ya Columbus hakuna anayemfikisha Madog Marekani. Kamati ikamnyima ushindi kwa hoja ambayo mimi kila nikiikumbuka nacheka: mada ni kugunduliwa kwa Marekani, na huyu ameandika juu ya kutogunduliwa, kwa hiyo yuko nje ya mada. Alipopanda jukwaani kulalamika, walijaribu kumzima kwa kuamuru bendi ipige muziki. Wasikilizaji wakataka asikilizwe. Insha ilichapishwa mwaka 1893, Stephens akiwa amekufa tangu 1875.

Kwa nini basi ubishi haujaisha? Kwa sababu vitu vipya huletwa kila mara. Mwaka 1912 jiwe lenye mistari lilipatikana karibu na Brandenburg, Kentucky, na baadaye wapo waliosema yale ni maandishi ya Kiwelisi cha kale kwa herufi ziitwazo coelbren. Sina haja ya kulipima jiwe. Herufi za coelbren zilibuniwa na Iolo Morganwg, yule mwashi wetu, mwishoni mwa karne ya 18. Jiwe la karne ya 12 lenye herufi hizo ni sawa na barua ya sultani wa Kilwa ya kale yenye anwani ya barua pepe.

Au mitumbwi. Mchoraji George Catlin, aliyeishi na Wamandan mwaka 1832, aliona vidau vyao vya mviringo, fito zilizopindwa na kuvishwa ngozi ya nyati, akakumbuka vidau vya ngozi vya Welisi. Lakini chombo cha mviringo huzaliwa popote penye mto, fito na kitu cha kuzuia maji. Waliowahi kufika Iraki wanaijua quffa ya Mto Tigri, na hakuna anayesema ilitoka Gwynedd. Maneno yanayofanana nayo ni hivyo hivyo. Kwa Kiwelisi mama ni mam, na ni maana yake sisi. Nikichukua hayo mawili na kiambishi chetu ni-, kufikia jioni nitakuwa nimemshusha Madog Lamu.

Kuna jambo katika hili lisilochekesha. Wamandan lugha yao ni ya jamii ya Siouan, ya wenyeji wa Marekani, wamejenga vijiji vyao vya nyumba za udongo wenyewe, na mwaka 1837 ndui iliyokuja na meli ya mvuke iliwaangamiza hadi wakabaki mia moja na kitu. Kuwageuza Wawelisi waliopotea ni kuwapokonya hata kile kidogo kilichobaki. Vilima vikubwa vilivyojengwa kwa mikono zamani na kuta za mawe za Marekani nazo zilipewa Madog, au yeyote alimradi asiwe mwenyeji, mpaka ripoti ya mtafiti Cyrus Thomas ya mwaka 1894 ilipoonyesha kuwa vilima vilijengwa na mababu wa wenyeji haohao. Sisi wa huku tunaujua wimbo huo: Great Zimbabwe ilihusishwa na Malkia wa Sheba hata baada ya wanaakiolojia Randall-MacIver mwaka 1905 na Caton-Thompson mwaka 1929 kuchimba na kukuta kazi ya Waafrika.

Wala tusiseme kuvuka Atlantiki kabla ya Columbus ni ndoto. Helge Ingstad wa Norwe, aliyesomea sheria, alifika Newfoundland mwaka 1960 akiuliza kila kijiji kama kuna magofu. Huko L'Anse aux Meadows mvuvi George Decker akampeleka kwenye matuta yaliyofunikwa na nyasi. Mkewe Anne Stine, mwanaakiolojia, akachimba: misingi ya nyumba, misumari ya chuma, pini ya shaba nyeusi, kigurudumu cha jiwe cha kusokotea uzi. Mwaka 2021 wanasayansi walisoma pete za miti iliyokatwa pale kwa vyuma, wakitumia alama ya dhoruba ya jua ya mwaka 993, na kupata kwamba ilikatwa mwaka 1021. Waskandinavia walifika, na takataka zao zimebaki kusema hivyo. Takataka za Madog hazijaonekana popote.

Anayetaka kuendelea na Madog, mwanzo mzuri ni Maktaba ya Taifa ya Welisi, ambayo imeweka mtandaoni bila malipo magazeti ya zamani na miswada mingi. Na kazi moja ya kweli imebaki. Katika karne ya 13 mshairi wa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo) aitwaye Willem, mtunzi wa kisa mashuhuri cha mbweha Reynaert, alijitambulisha katika mstari wa kwanza kuwa ndiye aliyetunga Madoc. Kazi hiyo imepotea. Hatujui hata kama ilimhusu Mwelisi wetu. Lakini siku zile ngozi za vitabu vilivyochakaa zilikatwa na kushonwa ndani ya majalada ya vitabu vingine, na mistari michache ya Kiholanzi cha kale, ikiwa bado ipo, huenda imejificha kwenye mgongo wa daftari la hesabu za kanisa fulani.