Tamko la forodha ni nini?

Ukishuka kwenye basi la Nairobi pale Namanga, ukagongewa mhuri dirisha la Uhamiaji, bado kuna swali moja linakungoja: "Mama, una kitu cha kutamka?" Wengi hujibu "sina" kabla swali halijaisha, wakidhani kutamka ni kukiri kosa. Sivyo kabisa.

Tamko la forodha ni maelezo ambayo msafiri mwenyewe anampa afisa wa forodha kuhusu alichobeba, hasa kile kinachodai ushuru au kibali. Hutolewa kwa fomu au kwa mdomo. Hutolewa hata kwa miguu, na hapa ndipo watu wengi hunaswa. Viwanja vya ndege vingi vina njia mbili: nyekundu ya mwenye kitu cha kutamka, kijani ya asiye nacho. Ukipita ya kijani umeshasema "sina", hata kama hukufungua mdomo. Sanduku likifunguliwa mbele yako likakutwa na chupa sita za pombe kali wakati msamaha wa abiria, yaani kiasi anachoruhusiwa kupita nacho bila ushuru, ni lita moja, huwezi kusema hukuulizwa.

Uzito wa jambo uko hapo. Mzigo uliotamkwa ukatozwa ushuru ni deni tu: unalipa, unapewa risiti, unaondoka. Mzigo uleule ukifichwa ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na unaweza kutozwa faini na mali ikataifishwa.

Siku moja, mpakani Holili, nilisimama nyuma ya dada mmoja anayerudi Moshi. Begi lake lilikuwa na viatu vya watoto pea tisa, aina moja, namba 24 hadi 32, karatasi bado zimo ndani. "Ni vya wanangu," alisema. Afisa alivipanga mezani kimoja kimoja, kisha akamwambia kwa upole, "Dada yangu, hivi ni vya duka." Vitu binafsi ni vile vya matumizi yako mwenyewe, na mpangilio wa namba ulikuwa umeshasema vinginevyo. Yule dada alitetemeka mikono akitafuta pesa kwenye pochi, nami niliumia, maana angeanza kwa kusema ni vya biashara asingepata fedheha ile.

Alijitetea kwamba mzigo wa Kenya hautozwi ushuru. Ni kweli nusu. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, isiyozidi thamani ya dola 2,000, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi inayoonyesha ilikotengenezwa, kinachotolewa hapohapo mpakani. Viatu vya China havigeuki kuwa vya Kenya kwa kununuliwa Eastleigh, mtaa wa maduka wa Nairobi.

Si kila tamko linahusu kodi. Ukivuka na fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi, au kiasi kama hicho kwa sarafu nyingine, unatakiwa kuzitamka, uwe unaingia au unatoka. Hazikatwi chochote, serikali inataka kujua tu.

Hati za safari ni jambo jingine: Uhamiaji wanauliza wewe ni nani, Forodha wanauliza umebeba nini. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, lakini Tanzania haimo kwenye utaratibu huo, kwa hiyo kadi ya NIDA haitoshi. Beba pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kwa safari za mbali hakikisha pasipoti imebakiza angalau miezi 6.

Halafu kuna "kadi ya njano", jina linalobeba vitu viwili. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kinachoanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, basi usichanjwe usiku wa kuamkia safari. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Ukivuka na gari lako, shika zote mbili.