Darasa la Gerezani Lisiishie Langoni

Wengi huuliza kwa nini kodi yao imsomeshe mtu aliyewaibia. Aliyedhulumiwa ana kila haki ya kuuliza hivyo. Lakini karibu wafungwa wote hutoka siku moja, na hurudi mitaani kwetu. Wapo walioingia wakitia kidole gumba kwenye karatasi za polisi bila kujua zimeandikwa nini. Akitoka vilevile alivyoingia, kazi ataipata wapi?

Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilichambua tafiti za elimu ya gerezani zilizofanyika nchini humo tangu 1980. Kati ya kila wafungwa 100 waliosoma, waliorudia uhalifu walikuwa pungufu kwa 13 hivi wakilinganishwa na 100 wasiosoma. Dola 1 iliyotumika darasani iliokoa dola 4 hadi 5 za kuwafunga watu upya. Kuna wanaosema wanaojiandikisha kusoma tayari wana nia ya kubadilika. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana watafiti walitegemea zaidi tafiti zilizolinganisha watu wa hali moja. Tofauti bado ilionekana.

Hapa Kenya madarasa tunayo. Katika magereza ya Kamiti na Naivasha, wafungwa hufanya mitihani ya kitaifa, na mara nyingi anayeshika chaki ni mfungwa mwenzao. Wengine hujifunza useremala au ushonaji.

Kinachonisumbua ni pale masomo yanapokatika. Kwa makosa mengi, sheria humpunguzia mfungwa mwenye tabia njema theluthi moja ya kifungo, hivyo aliyepewa miaka 3 hutoka baada ya 2. Sekondari huchukua zaidi ya miaka 2. Anaachiliwa akiwa katikati ya masomo, hana cheti, hana karo, na shule ya karibu haijui imweke darasa gani. Mahabusu ndiye mwenye hali ngumu zaidi, kwa kuwa hajui atakaa siku ngapi.

Kanuni ya 104 ya Kanuni za Mandela kuhusu matunzo ya wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inataka elimu ya gerezani ifungamane na mfumo wa elimu wa nchi, ili anayeachiliwa aendelee bila shida.

Kama una ndugu ndani, ukienda kumtembelea muulize anasoma nini na amefika wapi. Kabla hajatoka, ombeni gereza limwandikie barua ya kuonyesha masomo aliyomaliza, nanyi mtafute mapema kituo cha elimu ya watu wazima kitakachompokea.