Fundi cherehani aliyechoshwa na Kusadikika hakukosea

Jumamosi moja mwaka jana fundi cherehani wa kikundi chetu alinirudishia nakala ya Kusadikika cha Shaaban Robert niliyokuwa nimemwazima. Alama yake ya kusomea, kipande cha kitenge kilichokatwa kwa mkasi wa kazi, haikuwa imevuka hata theluthi ya kitabu. "Mwalimu, nisamehe," aliniambia. "Nimejaribu mara tatu. Kila nikifika kwa yule mjumbe wa pili usingizi unanichukua. Hivi kweli hiki ndicho kitabu chetu kikubwa?"

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili miaka 19, nikahamia kwenye uhariri wa vitabu, na siku hizi kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana barazani hapa Tanga, watu wanane au kumi, kusoma riwaya. Yupo nesi, yupo dereva wa bajaji, yupo mzee aliyestaafu kazi ya masijala, na wengine wanaokuja na kuondoka. Hakuna anayesomea mtihani. Zamani mwanafunzi akiniuliza swali kama la dada fundi nilikuwa na jibu tayari: kitabu kina falsafa nzito, rudia kukisoma. Siku ile jibu hilo halikunitoka, kwa sababu dada fundi si mvivu wa kusoma. Vuta N'kuvute cha Adam Shafi alikimaliza kwa siku nne, katikati ya msimu wa kushona sare za shule.

Basi nikaanza kulifikiria upya jambo ambalo kwa miaka nililichukulia kuwa limekwisha: vitabu tunavyoviita vikubwa vinastahili sifa hiyo mbele ya msomaji wa kawaida, au tumerithi sifa tu kama mtu anavyorithi deni?

Nianze na hichohicho Kusadikika. Kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani katika serikali hiyo. Ndani yake, katika nchi ya kubuni iitwayo Kusadikika, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: Buruhani mashariki, Fadhili kaskazini, Kabuli magharibi, Auni kusini, Ridhaa mbinguni na Amini ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuinufaisha nchi, na kila mmoja malipo yake yakawa gereza.

Ukikisoma kimya, peke yako, usiku, baada ya kutwa nzima kwenye cherehani, utachoka. Hilo nalisema bila kuogopa. Kurasa zake hazifiki mia, lakini ni nzito kwa sababu tukio ni lilelile mara sita. Hakuna jiko linalofuka moshi, hakuna mtoto anayelia chumba cha pili. Majina ya watu ni sifa zao, na mtu aliyepewa jina la Majivuno hana pa kwenda isipokuwa kwenye majivuno. Karama hatumjui kama tunavyomjua jirani. Tunajua hoja zake. Anayekuja hapo akitafuta riwaya, yaani watu wenye damu na siri na kigeugeu, haipati, na akilalamika kwamba haimo anasema kweli.

Wiki iliyofuata tulifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya darasani. Nilimwomba yule mzee wa masijala asome kwa sauti, yeye awe Karama, sisi tuwe baraza. Mzee ana sauti ya mtu aliyezoea kuita majina dirishani. Alipofika kwa mjumbe wa tatu, dereva wa bajaji alidakia, "Na huyu naye gerezani!" Kwa wa nne walidakia watatu. Kwa wa tano baraza zima lilikuwa linangoja hukumu ili iitikie pamoja, kama watoto wanavyoitikia ngano ambayo mwisho wake wanaujua na bado wanautaka. Dada fundi alikuwa amekuja na blauzi ya mteja atie vifungo. Sindano ilikuwa imesimama kwenye kitambaa, uzi unaning'inia, naye ameinua uso.

Mzee akafunga kitabu kwa kidole ndani, akatusimulia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Katika ofisi moja aliyofanya kazi alikuwepo karani kijana aliyependekeza mafaili ya wastaafu yapangwe kwa namna ambayo mtu hatangojea wiki tatu kujua faili lake liko wapi. Aliandika pendekezo lake ukurasa mmoja, kwa mwandiko mzuri. Kabla mwezi haujaisha akahamishiwa wilaya ya mbali. Mafaili yakaendelea kukaa yalivyokuwa.

"Basi huyo ni Auni," dada fundi alisema, akarudi kwenye kifungo chake.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Shaaban Robert alikuwa mshairi kwanza, mtu wa tenzi, na utenzi haukutungwa usomwe na macho peke yake. Unaghanwa, na wasikilizaji wanashika mapigo. Marudio yanayomchosha anayesoma kimya ndiyo yanayomshika anayesikiliza. Sentensi zake ndefu zilizojaa vina vya ndani na vifungu vinavyolingana, ukizipa pumzi zinasimama zenyewe. Ukizipitia kwa macho unaona maneno mengi. Kusadikika kinastahili heshima yake, tena yote, ila tumemwambia msomaji kwamba hiyo ni riwaya bora, akaenda kutafuta kisichokuwemo. Ni ngano ya barazani yenye hoja ya mahakamani ndani yake. Nawashauri wanaokiogopa wakisome wakiwa wawili au zaidi, mmoja asome, wengine wasikilize.

Sisemi hivyo kwa kila alichoandika. Utubora Mkulima, kilichochapwa 1968, miaka 6 baada ya kifo chake, sijawahi kukipenda, na kusoma kwa sauti hakukukisaidia. Utubora ni mwema mno hata sina hamu ya kujua kesho yake. Adili na Nduguze kinanivuta zaidi, kwa kuwa ndani yake mna wivu wa ndugu, na wivu ni kitu kilicho hai.

Kuna lawama kubwa zaidi, nayo ni ya shule, na mimi nimo. Watu wengi wa hapa nchini wanaoniambia kwamba vitabu vikubwa vinachosha hawajavisoma. Wamesoma madesa. Mwanafunzi anapewa kurasa nne zenye dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, anazikariri, anapata alama nzuri, na kitabu chenyewe hakijafunguliwa. Nimewahi kusahihisha majibu ya darasa zima yenye dhamira tano zilezile kwa mpangilio uleule, na niliyapa alama, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha ulitaka hivyo. Mtu wa namna hiyo akifika miaka 30 anakumbuka jina la kitabu kama anavyokumbuka kanuni ya kemia. Hana ugomvi na kitabu, kwa sababu hawajaonana.

Ila mtihani hauui kila kitu. Kenya wana Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotoka 1996, ambacho vizazi vya wanafunzi walikisoma kwa lazima, na hadi leo ukimtajia mtu mzima wa kule Kongowea Mswahili, mhusika wake mkuu, uso unamchangamka. Hadithi yenyewe inaanzia hapahapa Tanga, kwa mama mwimbaji wa taarabu, na kijana anaondoka kumtafuta baba hadi Kitale. Inaniuma kwamba hapa mjini ni wachache wanaokijua.

Sasa Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alikitoa 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, na miaka baadaye kikaingia kwenye orodha ya mtihani. Watu hudhani umaarufu wake ni wa marufuku ile, kwamba kilisomwa chini ya mto ndiyo maana kikapendwa. Nilitaka kulipima hilo, kwa hiyo nikawapa kikundi bila kuwasimulia historia yoyote. Nikasoma mwanzo wake tu: nyumba ya Zakaria huko Namagondo, Ukerewe, baba mlevi anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya kijana Charles.

Dereva wa bajaji ana mabinti watatu. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alikuja amemaliza kitabu chote, na alikuwa amekasirika, lakini si kwa matusi wala kwa mambo ya chumbani yaliyowaudhi wakubwa wa wakati ule. Alikasirikia kwamba Zakaria anampenda mwanawe. "Angekuwa mbaya tu ningemwacha," alisema. "Lakini anapiga akidhani analinda. Mimi juzi nimemnyang'anya mkubwa wangu simu kwa njia hiyohiyo." Tulizungumza hadi magharibi ikatukuta. Rosa analelewa kwa fimbo hadi anakuwa hajui kuzungumza na mwanamume kama mtu na mtu, kisha anapelekwa shule ya bweni ambako hakuna fimbo ya baba, na hajapewa chochote cha kuishika nafasi yake. Kezilahabi analisema hilo kwa sentensi fupi, kavu, kana kwamba anaandika taarifa, na ukavu huo ndio unaouma.

Nina shaka moja na kitabu hicho na sijaificha kwa kikundi. Mwisho wake unamwadhibu Rosa kupita kiasi. Mwandishi aliyetufundisha kwa kurasa nyingi kwamba kosa ni la malezi na la wanaume waliomzunguka, mwishoni anamtwisha mzigo mtu yuleyule. Nesi hakukubaliana nami. Aliniambia amewaona wakina Rosa wakiletwa wodini usiku, na kwamba mwandishi hakuongeza chumvi. Sikuwa na la kumjibu, na shaka yangu ninayo bado.

Kwa Adam Shafi sina haja ya kutetea. Nakala yangu ya Vuta N'kuvute imerudi bila jalada, ina doa la manjano la binzari ukurasa wa katikati, na imepita kwa watu saba ambao watatu kati yao siwajui. Yasmin, msichana wa miaka 15 aliyeozwa mzee mwenye duka, anaondoka, na kuanzia hapo kitabu hakikuachi: vichochoro vya Unguja, ngoma, polisi wa Mwingereza, mapenzi na Denge anayetafutwa kwa siasa zake. Pale Denge na wenzake wanapoanza mijadala ya siasa mwendo unapungua, nami huwa napitisha macho. Lakini mazungumzo ya Yasmin na Mwajuma ni ya watu ninaowajua. Kitabu cha 1999 kimeingia kwenye orodha ya vitabu vikubwa upesi namna hiyo kwa sababu watu wenyewe walikiingiza. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ilikuja kuwakuta wameshakipenda. Kuli, kilichotoka miaka 20 kabla yake, nakipenda hata zaidi, kwa jinsi mgomo wa Unguja wa 1948 unavyojengwa polepole kutoka kwenye mgongo wa mtu mmoja anayebeba magunia bandarini.

Nagona, riwaya nyingine ya Kezilahabi, ni habari nyingine. Mimi ninakipenda mno. Nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nimetoka na kitu. Lakini sifa zake zimetolewa na sisi wa vyuoni, na si haki kumlaumu mtu anayekiacha baada ya kurasa kumi. Kezilahabi wa 1990 hakuwa tena anamwandikia msomaji yule wa Rosa Mistika. Alikuwa anajaribu kuona riwaya ya Kiswahili inaweza kwenda umbali gani ikivuliwa kisa. Nesi alikisoma mara mbili, akasema kinafanana na ndoto za wagonjwa wenye homa kali. Wengine wote walikirudisha, na sikuwauliza sababu.

Kinachonisumbua sasa ni kitabu ambacho kingependwa na watu hawa wote ila hakipatikani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka 1980, zaidi ya kurasa 600, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Yeye akafariki 1981. Ni hadithi ya mume na mke wanaopendana na watoto hawapatikani. Wakwe wanamchukua binti yao, na mume anakwenda kumkomboa kwa mitungi ya pombe ya ndizi. Haina haraka hata kidogo. Watu wanasalimiana kwa ukamilifu, wanapika, wanalima, wanatibiwa, wanazika, na baada ya kurasa mia unagundua unajua namna nzima ya kuishi ambayo hakuna aliyekufundisha. Wataalamu wanaisifu sana kwenye makala zao, na katika maduka ya vitabu ninayoyajua hapa mjini haipo.

Nakala tuliyonayo ni moja, yangu, karatasi zimeshakuwa rangi ya chai. Tunaisoma kwa sauti kwa zamu tangu mwezi wa tatu. Jumamosi iliyopita tulifika Myombekere anaporudi nyumbani kutoka kwa wakwe, na sharti la pombe limo kichwani mwake, akiwa hajui ndizi atazipata wapi za kutosha. Jua lilikuwa limezama. Dada fundi akaomba aondoke na kitabu, akaahidi hatapita mbele yetu. Nikampa. Leo asubuhi nilipopita dukani kwake kilikuwa wazi juu ya meza ya kukatia, kimekandamizwa na mkasi, na alama ya kitenge ilikuwa imeshatuacha mbali sana.