Vya kijani kwenye mawe na konokono wa mtoni, kipi kinaleta kichocho?

Swali: Huku kwetu Muheza mawe ya mtoni yana vile vimimea laini vya kijani vinateleza balaa, bibi anakataza watoto wasivikanyage eti ndo vinaleta kichocho. Kweli?

Jibu: Hapana, labda uteleze uvunjike mkono hahaha. Vile ni mimea tu, haina mizizi wala mbegu, maji inanyonya kwa majani yenyewe, na misitu ya Amani kule Usambara Mashariki inayo aina kibao, nyingine adimu kabisa, kwahiyo msiikwangue bure. Wa kumwangalia ni yule konokono mdogo ambae hamshtui mtu, kajaa tele kwenye madimbwi na mitaro, pale maji yanapotuama na majani majani.

Swali: Kwani anang'ata?

Jibu: Hang'ati na sumu hana. Iko hivi, mwenye kichocho akikojoa majini mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamuingia konokono vinazaliana humo, wiki kadhaa baadae vinatoka kwa mamia vinaogelea, vikikuta ngozi yako vinapenya ndani ya dakika chache tu hata kama huna kidonda. Bila mkojo wetu konokono hana kichocho cha kumpa mtu, tunamsingizia.

Swali: Mwanangu ana miaka 12 anakojoa damu, wenzie wanamwambia ndo kubalehe.

Jibu: Mama, mvulana habalehe kwa kukojoa damu! Mpeleke kituo cha afya wampime mkojo, huenda ni kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, vidonge, dozi inapangwa kwa uzito, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na ale kwanza. Inaua minyoo iliyokomaa, yaani vile vijidudu vikishakua mwilini, michanga inaweza kubaki ndo maana wengine wanaambiwa warudie, na akirudi kuoga kulekule anaambukizwa upya. Msikiache, kikikaa miaka kinaharibu kibofu na figo, hata saratani ya kibofu, na kwa akina dada kinashambulia mlango wa kizazi, wengine wanatibiwa magonjwa ya zinaa wee na hawaponi.

Swali: Na kuogelea baharini pale Raskazone, Tanga?

Jibu: Ogelea, konokono hawa ni wa maji baridi, chumvi ya bahari hawaiwezi. Maji ya mtoni ya kuogea chemsha, kuni zikiwa shida yaweke kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili bila kuongezea mapya, vile vijidudu vinakufa vyenyewe.