Farasi anapopaa, miguu haijanyooka

Wengi wetu tunaochora hapa Mwanza tulianza kumchora farasi wa mbio akiwa amenyooka, miguu ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, kama sangara aliyeanikwa. Sivyo anavyokimbia. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alimpiga farasi picha za mfululizo: kwato zote nne huachana na ardhi wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo.

Ndiyo maana naanza na mkaa, nikiikusanya miguu hiyo. Misuli naijenga kwa vipande vya gazeti na gundi, kisha akriliki, rangi inayochanganywa na maji. Rangi ya mafuta huja mwisho. Ukiitanguliza, akriliki itabanduka. Na vumbi la kwato? Mchanga wa ziwani, uliooshwa ukakauka.